Dhamana Isiyovuka Ruvuma

Ninaandika insha hii kuipinga kauli moja inayorudiwa kila siku katika maduka ya vifaa vya elektroniki, ambayo sisi wanafunzi tumeizoea hadi hatuihoji tena: kwamba kompyuta ikiuzwa na waranti ya mwaka mmoja, basi mnunuzi amelindwa kwa mwaka mmoja. Si kweli. Aliyelindwa ni mnunuzi anayekaa karibu na duka. Anayekaa Olumbi, wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, amelipa bei ileile na amepewa kadi ileile, lakini hakupata kitu kilekile.

Wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulisema jambo hili, kwa kuwa linaanza na neno. Kabla watu hawajasema “waranti”, lilikuwepo “dhamana”. Kumdhamini mtu ni kusimama badala yake: akishindwa kulipa, unalipa wewe. Mdhamini ndiye anayebeba mzigo. Katika fiqhi ya Kishafii, ambayo watu wa pwani yetu wameifuata kwa karne nyingi, aliyenunua kitu kisha akakuta kasoro iliyokuwepo kabla hajakipokea ana haki ya kukirudisha na kupewa fedha zake, ilimradi asichelewe bila sababu. Haki hiyo kwa Kiarabu huitwa khiyar al-ayb. Maneno yote mawili yamo katika Kiswahili chetu. Khiyar ina mzizi mmoja na “hiari”, na ayb ndiyo “aibu”. Yaani kasoro ya bidhaa na fedheha ya muuzaji zilikuwa neno moja. Leo tumebaki na neno dhamana kwenye kadi, lakini mzigo amebebeshwa mnunuzi. Nitaonyesha jinsi hilo linavyofanyika.

Mwezi Februari 2024 nilinunua laptopu ya gemu katika duka moja la Dar es Salaam, ninakosoma, kwa ajili ya mdogo wangu aliyeko Olumbi. Sitalitaja duka hilo kwa jina, kwa sababu tatizo langu si la duka moja. Palikuwa na bei mbili kwa mashine ileile: shilingi 2,250,000 bila waranti na shilingi 2,400,000 pamoja na waranti. Masharti niliyasoma mbele ya kaunta, mstari kwa mstari, nikaulizia yale nisiyoyaelewa, kisha nikalipa ile 150,000 ya nyongeza. Risiti ilionyesha tarehe 10 Februari 2024, na kadi ikasema miezi kumi na miwili.

Huenda msomaji akauliza, laptopu ya gemu Olumbi ya nini? Gemu za kisasa na kazi ya kuhariri video zinahitaji kitu kimoja: chipu yenye nguvu ya kuchakata picha. Mchana mdogo wangu huhariri video za harusi na maulidi. Jioni, akipata umeme, vijana humlipa kidogo wacheze mpira kwenye skrini. Olumbi si mahali penye kumbi za sinema. Hii ni wilaya ambayo makao yake makuu, mji wa Palma, yalishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu wakakimbilia msituni na baharini. Mocímboa da Praia, kusini yetu, ilishambuliwa mara ya kwanza Oktoba 2017, na kuanzia Agosti 2020 ilishikiliwa na waasi kwa takriban mwaka mzima. Katika wilaya kama hii, chumba kimoja ambamo vijana kumi wanagombea goli la kwenye skrini na kurudi kwao kulala si anasa. Nimesikia wazee wasiojua hata kuiwasha mashine hiyo wakimwombea mdogo wangu dua kwa sababu yake.

Tarehe 17 Septemba 2024 ikaanza: ukifungua gemu, feni zinavuma kwa nguvu, skrini inakuwa nyeusi, mashine inazimika. Nilipiga simu dukani. Muuzaji alinijibu kwa upole kabisa: “Kaka, usijali, waranti ipo. Lete mzigo hapa tuuangalie.”

Neno lililoniudhi katika jibu hilo ni “hapa”. Kutoka Olumbi hadi hapo dukani ni safari ya Palma, kisha mpakani, kisha kuuvuka mto Ruvuma, kisha Mtwara, kisha zaidi ya kilomita 500 za basi hadi Dar es Salaam. Mdogo wangu alingoja mpaka akapata nauli na mtu wa kumwangalizia nyumba. Alifika kwangu usiku, akanipa shikamoo, na kabla hajaketi akaitoa mashine kwenye kitenge alichoizungushia ili nione kwamba haikupata hata mkwaruzo. Aliogopa wasije wakasema ameiangusha. Tarehe 29 Oktoba tukaikabidhi.

Ilikaa kwao wiki kumi na moja. Tuliambiwa kipuri kinatoka Dubai, baadaye tukaambiwa kimefika lakini fundi amesafiri. Tarehe 14 Januari 2025 tukarudishiwa ikiwa na karatasi yenye maneno mawili: “Imetengenezwa. Salama.” Hakuna aliyetueleza ilikuwa na nini. Mdogo wangu, ambaye alikuwa amerudi nyumbani, akaja tena, akaifikisha Olumbi tarehe 25 Januari. Tarehe 19 Februari ikazimika vilevile. Nikapiga simu. “Pole sana kaka. Waranti yako imekwisha tarehe 10.”

Sasa tufanye hesabu, maana hapa hasira peke yake haitoshi. Tangu siku ilipoharibika hadi siku iliporudi Olumbi ni siku 130. Waranti tuliyoilipia ilikuwa ya siku 366, kwa kuwa mwaka 2024 Februari ilikuwa na siku 29. Zaidi ya theluthi moja ya dhamana ilikwisha mashine ikiwa mbovu, na katika hizo siku 77 mashine ilikuwa kwenye rafu ya mdhamini mwenyewe. Hata kama safari na foleni zetu hazihesabiwi, zikirudishwa hizo 77 tu, waranti ingeishia tarehe 28 Aprili. Duka likazihesabu siku zake za kuchelewa kuwa siku za mteja kufaidi. Mdeni akichelewa kulipa, deni haliishi kwa sababu amechelewa. Kwenye waranti linaisha.

Watu husema hivyo ndivyo mikataba ilivyo, saa haisimami kwa ajili ya mtu. Anayesema hivyo aje Olumbi atazame jirani yetu. Katika rasi ya Afungi, katika wilaya yetu hiyohiyo, kampuni ya TotalEnergies inaongoza mradi wa gesi wa takriban dola bilioni 20. Baada ya shambulio la Palma, mwezi Aprili 2021 kampuni ilitangaza hali ya dharura isiyozuilika, kifungu cha mkataba kinachomruhusu mtu kusimamisha wajibu wake pale linapomfika jambo lililo nje ya uwezo wake. Mwaka 2025 ilipotangaza kuiondoa hali hiyo, iliiomba serikali ya Msumbiji iiongezee miaka kumi katika muda wa mkataba ili kufidia muda uliopotea. Mwezi Machi mwaka huohuo benki ya EXIM ya Marekani iliidhinisha upya mkopo wa dola bilioni 4.7 kwa mradi huo. Sisemi hapa kama maombi hayo yalikuwa ya haki au la. Hiyo ni insha nyingine. Ninasema kwamba kumbe saa ya mkataba husimama. Barabara ileile na vita vilevile vinatosha kumwombea mkubwa miaka kumi, lakini havitoshi kumpa mdogo wangu siku 77.

Twende kwenye masharti. Kadi ya waranti kwa kawaida huwa na orodha ya mambo yasiyolipiwa, na nilipoisoma orodha ile niliona kwamba aliyeiandika alikuwa akiyataja maisha ya pwani moja baada ya jingine. Kutu hailipiwi, nasi tunaishi kwenye hewa ya chumvi. Umeme unaopanda na kushuka haulipiwi, nasi tunategemea jenereta na sola. Vumbi na unyevu havilipiwi. Matumizi ya biashara hayalipiwi, kana kwamba mtu wa Olumbi anaweza kutoa milioni mbili na nusu kwa kitu kisichomwingizia chochote. Tena juu ya skrubu imebandikwa stika: ikichanika, waranti imekufa. Kwa hiyo fundi wa Palma, ambaye angeweza kuifungua mashine, kupuliza vumbi kwenye feni na kubadilisha ile dawa ya kupitisha joto juu ya chipu kwa kazi ya nusu saa, amekatazwa kuigusa. Mwenye ruhusa ya kuigusa yuko ng’ambo ya mto.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Wanaposema “itume kwa ndege”, wanasahau kwamba betri za laptopu ni za lithiamu, na kanuni za usafiri wa anga zinakataza kusafirisha kwa ndege betri ya lithiamu iliyoharibika kiasi cha kuweza kushika moto. Mashine iliyovimba betri haiwezi kupakiwa Pemba. Kadiri ubovu unavyokuwa mkubwa, ndivyo njia ya kuipeleka kwa mdhamini inavyozidi kuwa nyembamba.

Ninajua jibu la kwanza nitakalopewa: “Mlinunua mkiyajua masharti.” Ndiyo, tuliyajua, na hilo haliyafanyi yawe ya haki. Mashine zenye nguvu kama hizo zote zinakuja na masharti yanayofanana. Uchaguzi wetu ulikuwa kukubali au kukaa bila kitu. Zaidi ya hayo, sheria haikubali kwamba kila kilichoandikwa kwenye kadi ndicho mwisho. Tanzania inayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yenye msingi kwamba bidhaa anayouza mfanyabiashara iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Inayo pia Sheria ya Ushindani ya 2003, iliyounda Tume ya Ushindani na kuipa kazi ya kumlinda mlaji. Msumbiji inayo Sheria ya Ulinzi wa Mlaji namba 22 ya 2009, na kifungu cha 92 cha Katiba yake ya 2004 kinampa mlaji haki ya ubora wa bidhaa na ya kufidiwa hasara. Kenya imeliweka jambo hilohilo katika kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010. Haki zipo. Lakini zimefungiwa kila moja nyumbani kwake, na mnunuzi wetu yupo katikati ya nchi mbili. Dar es Salaam anaambiwa, wewe mashine yako iko Msumbiji. Msumbiji anaambiwa, wewe ulinunua Tanzania.

Jibu la pili litakuwa kwamba ninayoyataka hayawezekani. Yanawezekana, na si Ulaya peke yake. Afrika Kusini, inayopakana na Msumbiji, ina Sheria ya Ulinzi wa Mlaji namba 68 ya 2008. Inampa mnunuzi miezi sita ya kurudisha kitu chenye kasoro, na kukirudisha huko ni kwa gharama na hatari ya muuzaji. Muuzaji akikitengeneza, kisha ndani ya miezi mitatu kikaharibika tena, hana budi kukibadilisha au kurudisha fedha. Mashine ya mdogo wangu iliharibika tena siku 36 baada ya kutoka kwa fundi wao. Marekani inayo sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss, inayokataza kumfunga mnunuzi atumie fundi au kipuri cha kampuni fulani ili waranti isife, isipokuwa pale kampuni inapovitoa bure. Mwezi Aprili 2018 tume ya biashara ya nchi hiyo iliziandikia kampuni sita kuzionya kuhusu masharti ya aina hiyo, zikiwemo stika za kutisha wateja, na mwaka 2024 ikaandika tena kwa nyingine, wakiwemo watengenezaji wa vifaa vya kompyuta za gemu. Umoja wa Ulaya unadai dhamana ya kisheria ya angalau miaka miwili. Chini ya agizo lake la 2019, kasoro ikijitokeza katika mwaka wa kwanza inachukuliwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kukabidhi, na muuzaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha vinginevyo. Kwa maneno mengine, ni ile hiari ya aibu tuliyokuwa nayo, ikiwa imevaa koti la Brussels.

Wengine watasema mashine za gemu zinaharibika kwa sababu vijana wanazitesa. Historia inasema mara nyingine anayejua sababu ni mtengenezaji. Mwezi Julai 2007 Microsoft ilikiri kwamba Xbox 360 zilikuwa zinaharibika kupita kiasi, ikaongeza waranti kwa tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kuligharamia. Mwaka uliofuata Nvidia ilitenga dola kati ya milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake za laptopu zilizokuwa zinakufa kwa sababu ya udhaifu wa vifaa vilivyotumika kuziunga. Mteja aliyekuwa nazo huenda alikwisha kuambiwa ameitesa mashine. Ndiyo maana karatasi yenye maneno “Imetengenezwa. Salama” haitoshi. Bila kuandikiwa ni nini kilichoharibika, mnunuzi hawezi kujua kama ameuziwa mashine yenye ila tangu kiwandani.

Jibu la tatu ni la bei: wafanyabiashara wakibebeshwa gharama hizo, watapandisha bei na maskini ndiye atakayeumia. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama waranti ingekuwa bure. Lakini si bure. Kwangu ilikuwa shilingi 150,000, imeandikwa kwenye risiti. Nauli za mdogo wangu kwa safari mbili zilizidi fedha hizo. Kwa hiyo mtu wa Olumbi analipia waranti mara mbili, kwanza kwenye kaunta, pili barabarani, na mwisho haipati. Anayekaa mtaa wa pili kutoka dukani analipa mara moja na anaipata. Kama kuna anayemchangia mwenzake katika biashara hii, basi wa mbali ndiye anayemchangia wa karibu.

Nimalizie hoja kwa jambo linalotuhusu moja kwa moja katika darasa hili. Kadi yetu ilikuwa kwa Kiingereza. Sheria ya Msumbiji imeandikwa kwa Kireno. Muuzaji alizungumza nasi Kiswahili tangu salamu hadi kuhesabu noti, na nyumbani kwetu mwenyewe tunazungumza Kimwani. Kati ya lugha hizo, Kiswahili ndicho peke yake kilichokuwa mdomoni mwa pande zote mbili, na ndicho kilichokosekana kwenye karatasi. Mwezi Agosti 2019 SADC, ambayo Tanzania na Msumbiji zote ni wanachama, ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Kila tarehe 7 Julai tunavaa fulana na kuimba kwamba ni lugha ya dunia. Lugha inayofaa kwa kushangilia lakini haifai kuandikia haki ya mnunuzi imepewa heshima ya mgeni: anakirimiwa, lakini hasikilizwi katika mambo ya nyumba.

Ninadai mambo matatu, na nayaelekeza kwa Tume ya Ushindani, kwa wenzao wa Msumbiji na kwa wafanyabiashara. Kwanza, siku ambazo bidhaa iko mikononi mwa muuzaji kwa matengenezo zisihesabiwe katika waranti, na tatizo lilelile likirudi ndani ya miezi mitatu baada ya matengenezo, mnunuzi abadilishiwe au arudishiwe fedha. Pili, pale ambapo muuzaji hana kituo, fundi wa karibu aruhusiwe kuifungua mashine, aandike alichokikuta, na muuzaji alipe. Au la, muuzaji agharamie usafiri wa kwenda na kurudi. Asiyetaka kufanya lolote kati ya hayo aandike wazi kwenye kadi kwamba waranti yake haifiki nje ya mji wake, na asichukue ile nyongeza ya bei. Tatu, kadi ya waranti na ripoti ya matengenezo ziandikwe kwa Kiswahili, zikieleza kilichoharibika, kilichobadilishwa na tarehe zote.

Kwa wanafunzi wenzangu nina ombi dogo zaidi. Wengi wenu mtakuwa watafsiri, waandishi wa habari, walimu, maofisa wa serikali. Mkipewa kadi ya namna hii muitafsiri, msiandike “dhamana” kwa mazoea. Tazameni kwanza kama kuna mtu anayesimama badala ya mwingine. Kama hayupo, tafuteni neno jingine.

Mashine bado iko Olumbi, mbovu. Fundi wa Palma amesema yuko tayari kuifungua, na sasa kwa kuwa waranti imekwisha, hakuna wa kumzuia.